Pumzi ya Mwenye Gari

Mmenisumbua tangu jana na hadithi hii, na nyote mnaijua. Mnachotaka ni kuniona nikikodoa macho mpate kunicheka. Haya, kaeni. Ila atakayeogopa asije kujibanza kitandani kwangu. Kitanda changu kidogo, na mimi napiga mateke.

Palikuwa na fundi wa magari pale mjini Mkoani akiitwa Matano. Mikono alijaaliwa. Moyo alisahau kuuomba.

Ilikuwa miaka ile ya siasa, watu wakisusiana harusi na hata maziko kwa ajili ya vyama. Mzungu mmoja wa serikalini alirudi kwao akaacha kigari cha viti viwili, kifupi kama kobe, hakina paa, cha kukimbizia upepo tu, na injini yake imekufa. Matano akakiokota. Akaing'oa ile injini mbovu, akatia ya lori. Haikuenea. Akakata boneti, akakata na bati la miguuni, akachomelea huku na huku. Na nani aliyepata kuona moyo wa ng'ombe ukatiwa kifuani mwa mbuzi, mbuzi akaenda? Miezi saba gari halikuwaka. Wachukuzi wa bandarini wakipita mlangoni kwake huuliza, "Fundi, mgonjwa kaamkaje?"

"Hajambo," mwenzao hujibu. "Angoja sanda."

Kucheka watu Matano alikuweza. Kuchekwa hakukuweza. Akaenda kwa Bi Time.

Bi Time alikuwa mganga, mwanamke mkavu, maneno yake ya kupimwa kwa kibaba. Alifukiza udi, akajitanda kaniki gubigubi, na sauti iliyotoka chini ya ile kaniki haikuwa yake.

"Injini n'taipa pumzi. Miezi sita. Adhuhuri ya siku ya mwisho nachukua pumzi ya mwenye gari."

"Mwenye gari, yeyote awaye?" akauliza Matano.

"Mwenye gari."

Matano akainamisha kichwa ili tabasamu lake lisionekane, akakubali. Kwani nani aliyemwambia kuwa siku hiyo mwenye gari atakuwa yeye?

Gari likawaka. Lilipanda kilima cha Mkoani likinguruma hata kuku wakaacha vifaranga vyao, na wale wachukuzi wakafunga midomo. Lakini siku ile ile ya kwanza, alipolirudisha nyumbani, mkewe Mize alitoka na upawa mkononi, akasimama.

"Umelizima?"

"Funguo hii hapa."

"Mbona lavuta pumzi?"

Matano akatega sikio. Injini kimya, lakini chini ya boneti kitu kilikuwa kikivuta pumzi na kuishusha, polepole, kama mtu aliyelala ameshiba. Na pale penye harufu ya petroli pakanuka udi.

"Chuma kinapoa," akasema.

"Kikaango changu nacho hupoa. Hakijapata kukoroma."

Mwezi wa nne Matano aligundua jambo asilomwambia mtu. Akibana pumzi, na lile gari hubana. Akikohoa, hukohoa. Lilikuwa likimsoma, kama mwanafunzi anavyomfuata mwalimu wake chuoni, herufi kwa herufi.

Zilipobaki siku nne akapata mnunuzi. Khatib, kijana wa Mtambile, karithi mikarafuu ya baba yake na kaoa juzi, moyo mweupe kama kofia ya Idi. Alikuja na mama yake, Bi Mwatum, kwa sababu mama ndiye aliyekuwa akili yake, na alipokuja nayo hakuisikiliza.

Sasa sikilizeni hapa. Kwetu mtu hauzi hata jogoo bila kutamka. Muuzaji hushika mkono wa mnunuzi akasema, nimekuuzia kitu hiki na aibu yake, yaani kasoro yake, ni kadha wa kadha. Mnunuzi naye hujibu, nimenunua, nimekubali. Hapo ndipo mali huhama. Bila maneno hayo mmepeana chuma tu, na mali iko pale pale ilipokuwa.

Khatib akanyoosha mkono. "Haya fundi. Tamka, nami nipokee."

Matano akaurudisha mkono wake nyuma. Aibu ya gari lile angeitajaje? Na kuificha huku kashikana mikono na mtu, hilo nalo hakuthubutu. Akamtupia funguo.

"Aa, yakhe! Hayo ya kuuziana mbuzi. Hili gari. Chukua uende zako."

"Hamkutamka," akasema Bi Mwatum.

"Mama, funguo ninazo."

"Hata mwizi huwa na funguo."

Lakini Khatib alikuwa keshaingia, anapiga honi kama mtoto wa siku saba anavyolia. Matano alisimama mlangoni mpaka vumbi likatulia, kisha akala sahani mbili za wali. Alimwona yule kijana ameshakufa, na njaa haikumpungua.

Siku ya tatu gari likafa. Halikukohoa, halikutoa moshi. Lilikata tu katikati ya mlima wa Mtambile, mbele ya watu wanaoanika karafuu majamvini. Jioni Khatib akafika Mkoani, jasho limemkauka usoni.

"Fundi, injini imekufa."

"Siku tatu tu! Umelifanya nini?"

"Sikulifanya kitu. Petroli imo, plagi tumezitoa tumezisugua. Na tena, fundi..." Akatazama nyuma, akashusha sauti. "Linasema."

"Linasema nini?"

"Nikishika usukani husema, 'Wewe siye. Mwite mwenyewe.'"

Matano akamfungia mlango usoni. "Mwenyewe wewe! Umechukua gari, umechukua na maradhi yake!" Sauti ilikuwa ya mwanamume. Mkono ulikuwa ukitia komeo.

Alfajiri ya siku ya mwisho Matano alikuwa ukumbini kwa Bi Time. Mganga alikuwa akimenya muhogo.

"Nimeliuza," akasema Matano. "Mbona laniita mimi?"

"Ulitamka?"

"Nilimpa funguo."

Kisu kikasimama. "Yule uliyepatana naye ni ruhani, Matano, jini wa Kiislamu. Kasoma kuliko wewe. Mali isiyotamkwa haijahama. Mwenye gari ni wewe."

"Nifanyeje, mama?"

"Kamwambie yule kijana aibu ya gari, kisha utamke. Akikubali, lake."

"Mtu gani atakubali?"

"Hilo ungeliuliza miezi sita nyuma," akasema Bi Time, akarudi kwenye muhogo wake.

Matano alidandia lori la magunia mpaka Mtambile, jua linapanda naye. Njiani alipanga vizuri: atatamka, aibu hataitaja. Mtu wa namna hiyo hata kaburini huuliza kama kuna mlango wa nyuma.

Aliwakuta Khatib na mama yake kando ya gari. Kivuli cha Matano kilikuwa kimebaki shubiri moja, adhuhuri imekaribia.

"Khatib! Lete mkono, mwanangu. Tutamke, tuitimize sheria."

Kijana uso ukamng'aa. "Mama alisema! Haya, fundi."

"Na aibu yake?" akauliza Bi Mwatum.

"Halina aibu," akasema Matano, na chini ya boneti kitu kikashusha pumzi, kama mtu aliyekwisha kungoja.

"Nime..." akasema Matano. Akameza mate. "Nime..."

"Nimekuuzia," Khatib akamsaidia. "Sema, fundi, nami nipokee."

"Najua! Jua kali tu. Nipeni maji." Hayo yote yalitoka bila taabu, maji na jua na matusi aliyomtukana Khatib kwa kumkodolea macho, yalitoka kama mvua ya masika, lakini kila alipolirudia lile neno moja pumzi ilimtoka kinywani bila sauti na kwenda mbele yake, akaisikia ikiingia chini ya boneti, na gari lililokuwa limekufa likaivuta, na likaivuta tena, harufu ya udi ikapanda mpaka waanika karafuu wakaacha kazi na kusimama, naye kashika mkono wa Khatib kwa nguvu hata kucha zikaingia nyamani, anatazama chini pale miguuni ambapo kivuli kilikuwa kinaingia chini ya nyayo zake kama mdudu anayeingia shimoni, na kilipokwisha kuingia chote, injini ikavuta pumzi moja ndefu, ndefu, isiyoshuka.

Matano akaanguka. Na gari likawaka lenyewe.

Hakuna aliyeligusa. Liliwaka kwa muda wa kusali rakaa mbili, kiti cha dereva kimebonyea na hakuna aliyekaa, kisha likazimika. Mazikoni kwa Matano walikuja watu wa vyama vyote. Si kwa mapenzi. Walitaka kuona ameingia kaburini kweli.

Bi Mwatum alimkataza mwanawe hata kulisogeza. "Si letu," alisema. "Halijapata kuwa letu." Basi likabaki pale mlimani, likaota kutu, mitambaazi ikapita matunduni mwa taa zake. Na kila adhuhuri, jua likikaa utosini, bomba lake la moshi hukohoa kikohozi cha fundi wa Mkoani, kisha husema kwa sauti ya Matano, kwa upole, kama mtu anayebembeleza: "Nimekuuzia. Nimekuuzia." Wapitao hubana midomo na kuharakisha, maana yupo anayengoja kusikia mmoja tu akijibu, nimekubali, na huyo ndiye atakayekuwa mwenye gari.

Alilipa pumzi zake zote, Matano. Na lile neno alilolifanyia choyo siku lilipokuwa bure, analilipa mpaka leo kila adhuhuri, na hajapata wa kulipokea.