Shimo la Shuwa Uani Kwetu

Nina miaka thelathini na nne na tayari ni mjane. Mkiniona sokoni Nizwa nampita Ami Khalfan bila ya kumwamkia, msiseme sina adabu. Nisikilizeni kwanza.

Mimi na mume wangu Nasor tulitoka Unguja tukaja hapa Omani hatuna hata mkeka. Khalfan, ami yake, akatupa nyumba ya udongo iliyokaa tupu tangu vita vya Jabal, vya milima ya huku. Alitwambia mwenyewe kuwa wakati wa vita ilikuwa karakana ya baruti. Wanaume wakitwanga makaa na shura humo, wakijaza upya maganda ya risasi. Chumba kimoja kuta zake zilikuwa bado nyeusi.

Nikamuuliza, "Ami, na baruti yenyewe iko wapi?"

Akacheka. "Imekwisha zamani, binti yangu. Kaeni raha mustarehe."

Nikapaka chokaa, nikazaa, nikapaita kwetu.

Ikaja Idi. Huku shuwa hupikwa kwa pamoja: linachimbwa shimo, unakokwa moto mkubwa, kisha kila nyumba inafukia furushi lake la nyama lenye alama. Nasor akataka mwaka ule shimo liwe uani kwetu, naye aonekane mwenyeji. Jirani wote wakaleta nyama. Ami Khalfan peke yake akapeleka yake mtaa wa pili. Tukadhani amenuna tu...

Moto ulipokolea, Nasor aliinama kusukuma gogo. Ardhi ikapasuka. Masikio yangu yakaziba, nikamwona mume wangu yuko chini, hana uso.

Walipochimba pembeni mwa shimo wakakuta vigae vya mitungi. Baruti! Nani aliizika? Ami Khalfan, vita vilipokwisha. Alikiri matangani: "Niliogopa serikali itanifunga. Lakini hii ni qadar ya Mungu."

Qadar? Mungu ndiye aliyekwambia upeleke nyama yako mtaa wa pili? Ulijua, mzee wewe! Ungesema tu, "Nasor, msichimbe hapo," wanangu wangekuwa na baba. Uliona bora uinusuru nyama.

Wasomaji wenzangu, mkipewa nyumba iliyopita vita, msiridhike na kicheko cha mtu. Ulizeni mpaka muonekane wakorofi. Na wewe uliyefukia kitu, kiseme leo, hata kama utafungwa. Jela watu hutoka.

Idi hii Ami Khalfan ameniletea paja zima la mbuzi. Nimewamwagia paka mlangoni, naye amesimama anatazama.