Sakafu Iliyomeza Sauti

Asubuhi moja ya Jumatano, jua likiwa limetulia na barabara zikiwa kavu, nilimsindikiza mdogo wangu dukani kuchagua sakafu ya ghorofa ya juu. Nayaandika haya kwa toba, kwa maana mkono wangu umo ndani yake, na Bwana hadanganywi.

Mdogo wangu ni mshonaji. Mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, alikuwa amemwachia mama yake mzazi ghorofani: mama aliyepooza upande mmoja, akapoteza na sauti. Alichobakiwa nacho ni fimbo. Pigo moja kwenye mbao, maji. Mawili, choo. Matatu, njoo upesi, ninaogopa. Huko chini kwenye cherehani, kila pigo lilitua kichwani mwa mdogo wangu.

"Ananipigia ngoma kutwa nzima, dada," aliniambia. "Na mimi sichezi."

Fundi wa sakafu alituwekea mezani vigae vya gome la mti, gome lile lile la vizibo vya chupa. Akakiangushia kimoja nyundo. Hatukusikia kitu.

"Hii inameza sauti," akasema. "Hata mama mkwe akianguka, hutajua."

Tulicheka sote watatu. Mungu anisamehe, mimi nilicheka kuliko wao.

Nikakibonyeza kwa kidole gumba. Kishimo kikajaa chenyewe, taratibu.

"Haiweki kinyongo," fundi akasema, akanipa kigae hicho cha mfano niende nacho. Nami nikamgeukia mdogo wangu nikamwambia, "Chukua sakafu hii."

Vigae vya namna ile hulazwa chumbani siku mbili vizoee hewa kabla ya kubandikwa. Siku mbili mama yule alilala akivitazama. Siku ya pili akanyoosha fimbo, akapiga kimoja. Kimya. Akapiga tena. Kisha akamtazama mkwewe kwa muda mrefu, kama mtu asomaye hukumu yake.

"Nitakuletea kengele, mama," mdogo wangu akanong'ona.

Hakuileta.

Wiki moja baadaye alikuwa na gauni la harusi la kukamilisha. Alishona tangu asubuhi, akishukuru kwa utulivu. Saa kumi alasiri alipopanda na chai, alimkuta mama sakafuni, karibu na mlango, amekwisha kupoa. Kutoka kitandani hadi pale alipoangukia, vigae vilikuwa na vishimo vya ncha ya fimbo. Vitatu. Vitatu. Vitatu.

Damu ya Habili haikuhitaji mdomo ili ilie. Vishimo vile havikujaa.

Baada ya mazishi, mdogo wangu alipanda na patasi aving'oe vigae. Ilikuwa mchana. Mimi nilikuwa jikoni, chini yake hasa, nikichambua mchele. Nyumba ilikuwa kimya. Niliufurahia ukimya ule.

Nilipopanda kumwita tule, nilimkuta amepiga magoti katikati ya chumba. Mdomo wazi. Mishipa ya shingo imesimama. Alikuwa anapiga mayowe kwa nguvu zake zote.

Sikusikia kitu.

Nikamwita. Sikuisikia hata sauti yangu mwenyewe. Nikamburuta hadi kwenye ngazi. Hapo sauti yangu ikarudi.

Yake haikurudi.

Sasa anaishi kwangu, chumba cha juu, sakafu ya mbao tupu. Nilimpa fimbo ileile. Pigo moja, maji. Mawili, choo. Napanda kila aitapo, hata mikono ikiwa na povu la sabuni. Simhukumu, nilicheka naye. Wewe unayesoma, kama yupo akuitaye ndani ya nyumba yako, panda. Aliyeyaumba masikio hazibi ya kwake.

Matatu hajawahi kupiga.

Jana mchana, yeye akiwa usingizini na fimbo imeegemea kitanda, nilifungua kabati langu. Ufunguo wake nauvaa shingoni. Kigae cha mfano kilikuwa pale nilipokiacha, chini ya Biblia. Kilikuwa na vishimo vitatu.

Nikakibonyeza pembeni kwa kidole gumba. Changu kikajaa.

Vile vitatu havijai. Leo asubuhi ni sita.