Mbegu za Wingu Zavuka Mpaka

Kila asubuhi Mama Farasi alianza na banda la Wingu. Alizoa samadi, akabadilisha majani ya kulalia, akamjazia maji. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu kila ukimkuta, ama yuko na farasi, ama anazungumzia farasi. Marehemu mumewe alimwachia farasi watatu: Wingu, dume la kijivu, na majike wawili.

Wingu alikuwa amekula chumvi nyingi. Bado alipendeza, lakini magoti yalianza kumsumbua. Majike walikuwa wamepandwa mara kwa mara, na hakuna aliyeshika mimba. Wingu akifa, ukoo wake umekwisha. Wazo hilo lilimkosesha raha Mama Farasi. Akiketi, anasimama. Akisimama, anakwenda bandani kumtazama tena.

Kisha mzee mmoja mfugaji wa nchi jirani akampigia simu. Aliwahi kumwona Wingu alipokuwa kijana, akampenda. Sasa alitaka mbegu zake kwa ajili ya jike wake. Umeme, mdogo wake Mama Farasi, akalishika jambo hilo kwa mikono miwili. Alimleta fundi wa kupandisha mifugo. Fundi akamvuna Wingu mbegu palepale nyumbani. Akazitia kwenye mirija myembamba kama ya kunywea soda, akazigandisha, akazihifadhi ndani ya mtungi wenye naitrojeni ya baridi kali.

"Dada, rafiki yangu dereva anavuka mpaka leo," Umeme alisema. "Tumpe mtungi, mambo yaishe."

"Na kibali?"

"Kibali cha nini? Angekuwa farasi mzima, sawa. Hii ni mirija tu. Haili, haipigi mateke."

Mama Farasi hakucheka. Alitaka sana mtungi uende, na alikuwa na wasiwasi usije ukaleta balaa. Mwishowe alikata kauli.

"Tukaulize kwanza. Dereva atasubiri."

Ofisi ya mifugo ilikuwa na meza mbili, friji ya chanjo na harufu ya dawa. Daktari wa mifugo, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, aliwasikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Dume huyu amepimwa?"

"Apimwe nini, daktari?" Mama Farasi alisema. "Haumwi. Anakula vizuri. Njoo umwone mwenyewe."

"Naamini, mama. Lakini kuna vijidudu vinavyokaa kwenye uume wa farasi bila kumsumbua hata kidogo. Vingine ni virusi, vinatoka pamoja na mbegu. Dume anang'aa, lakini jike akipandwa anaugua. Anaharibu mimba, au hashiki kabisa."

"Lakini mbegu zimegandishwa," Umeme alidakia. "Baridi ile inaunguza hata kidole. Kijidudu gani kitapona?"

"Mbegu zinaponaje?"

Umeme akautazama mtungi waliokuja nao.

"Baridi inailaza mbegu ili iamke baadaye," daktari alisema. "Kijidudu nacho kinalala, kisha kinaamka. Mrija mmoja unaweza kupeleka ugonjwa kwenye nchi isiyoujua. Ndiyo maana kila nchi ina masharti yake. Anayepokea huomba kibali kwao, na sisi tunafuata kilichoandikwa humo."

"Tufanye nini basi?" Mama Farasi aliuliza. Alikuwa ameshasimama, ufunguo wa banda mkononi.

"Keti, mama. Wingu aende kituo cha kuvuna mbegu kilichoidhinishwa. Atatengwa na farasi wengine, na hatapanda jike yeyote. Tutampima damu na kumchukulia sampuli kwa pamba. Akiwa safi, atavunwa hukohuko. Mirija hii msiipeleke popote, niachieni hapa."

Njiani Umeme alilalamika mpaka sauti ikamkauka. Msimu wa kupandisha ulikuwa unakwisha, na dereva aliondoka bila mtungi.

Wingu alipelekwa kituoni. Banda tupu lilimtesa Mama Farasi kuliko alivyotarajia. Alilifagia mara mbili kwa siku ingawa halikuchafuka. Simu ikilia, alishtuka. Isipolia, aliitazama.

Ilipolia kweli, alikuwa daktari.

"Mama, damu ni nzuri. Lakini sampuli za pamba zimeonyesha bakteria wa ugonjwa wa uzazi. Majike wako wanashika mimba?"

Mama Farasi aliegemea ukuta. Miaka yote alikuwa akiwalaumu majike. Aliwabadilishia chakula, akawanunulia dawa za kila aina. Kumbe shida ilikuwa kwa yule aliyempenda kuliko wote.

"Atakufa?" aliuliza.

"Hapana. Ugonjwa huu unatibika. Tutamwosha kwa dawa na kumpaka marhamu siku kadhaa mfululizo, kisha tutampima upya. Majike nao tutawapima na kuwatibu. Ila nina swali moja gumu. Wingu amepanda majike wa watu wengine?"

Alikuwa amepanda. Majirani watatu waliwahi kuleta majike wao.

"Mimi nitawafuata kikazi," daktari alisema. "Lakini ingependeza wasikie kwako kwanza."

Umeme hakutaka. "Ukisema hivyo, dada, nani atakuja tena kwetu? Tunajichafulia jina wenyewe."

"Na nikinyamaza, majike wao wataendelea kuwa tasa. Nitawasalimiaje?"

Alikwenda nyumba kwa nyumba. Wawili walimshukuru kwa shingo upande. Wa tatu, mshona matandiko ya farasi, alimfokea mbele ya wateja. "Nilimuuza jike wangu kwa bei ya kutupa, nikidhani ni tasa. Leo ndiyo unaniambia?" Mama Farasi alipokea maneno yote akiwa amesimama. Kisha akamwambia amjulishe aliyemnunua, ili jike huyo naye atibiwe.

Ikabaki kumpigia simu mzee wa nchi jirani. Aliishika, akaiweka, akaishika tena. Alimweleza yote bila kupunguza.

"Mzee, umenisikia?"

"Nimekusikia, binti yangu. Ile mirija ya kwanza iko wapi?"

"Ipo kwa daktari. Itachomwa kesho."

"Nenda ukaione ikichomwa. Kisha mtibuni mnyama. Msimu huu nimeukosa, sawa. Jike wangu bado kijana. Nitasubiri."

Alikwenda, akaiona ikiteketea. Umeme alisimama kando yake, mikono nyuma.

Wingu alitibiwa. Sampuli zikachukuliwa upya, zaidi ya mara moja, na zote zikarudi safi. Hapo ndipo akavunwa. Kila mrija uliandikwa alama yake na tarehe, usije ukachanganywa na wa dume mwingine. Mtungi ulisafishwa kwa dawa, ukatiwa naitrojeni mpya.

"Hata naitrojeni?" Umeme aliuliza. Siku hizi ndiye aliyekuwa na maswali mengi.

"Hata hiyo," daktari alijibu. "Mrija ukipasuka, kijidudu kinaweza kupitia humo hadi mirija mingine."

Lakini mirija haikuondoka siku hiyo. Ilibaki kwenye ghala la kituo huku Wingu akiendelea kuangaliwa na kupimwa. Daktari alieleza kwamba ugonjwa uliokuwa ukijificha siku ya kuvuna ungejitokeza katika muda huo. Muda ulipotimia, na kibali cha mzee kimeshafika, daktari wa serikali alitia sahihi cheti cha afya na kuufunga mtungi kwa lakiri, muhuri wenye namba. Mpakani, wakaguzi waliitazama lakiri, wakalinganisha namba zake na zile za cheti, wakaupitisha. Sehemu ya mirija ilibaki kituoni kwa jina la Mama Farasi.

Wingu alirudi nyumbani. Mwanzo wa msimu wa baridi, magoti yalimshinda kabisa. Alilala bandani na hakuinuka tena. Mama Farasi alikuwa amekishika kichwa cha Wingu. Alilia kama anavyoliliwa mtu wa nyumbani, na hakuna jirani aliyemcheka. Mshona matandiko alikuja kusaidia kuchimba kaburi.

Baada ya hapo, mmoja wa majike wa Mama Farasi, waliokwisha kutibiwa, alipandishwa kwa mrija wa kituoni, akashika mimba. Alikuwa bado hajazaa simu ilipoingia kutoka nchi jirani.

"Binti yangu," mzee alisema, "kumekucha vizuri huku. Amezaliwa jike. Mweusi ti, lakini wa ukoo wenu wakizaliwa weusi si ndio hugeuka kijivu?"

"Ndio hao hao," Mama Farasi alisema. "Amesimama?"

"Amesimama, akaanguka, akasimama. Sasa ananyonya. Mama yake ni mzima, hana tatizo lolote."

Mama Farasi aliketi juu ya robota la majani. Umeme alichungulia mlangoni, uso umejaa maswali.

"Njoo umsikie," dada yake alimwambia, akamsogezea simu. "Anafyonza kama anayedai deni."