Koleo Lenye Meno

Kila Jumamosi asubuhi, meza ya chakula iligeuka karakana. Mama aliondoa sahani, akatandika gunia kuukuu, akapanga juu yake waya, ndoana, vipande vya bati vilivyong'arishwa na makopo ya rangi. Alitengeneza vyambo vya bandia vya kuwauzia wavuvi: visamaki vya bati vinavyochezacheza majini hadi samaki wakubwa wakadhani ni chakula. Alitengeneza pia shingo. Shingo ni kipande kifupi cha waya mgumu chenye kitanzi kila upande. Hufungwa kati ya mshipi na ndoana, ili samaki mwenye meno makali asiukate mshipi akaondoka na kila kitu.

Binti yake, mwanafunzi wa darasa la sita, alikaa upande wa pili wa meza akizungusha vitanzi. Mikono yake ilikuwa myepesi. Tatizo lilikuwa sehemu nyingine zote za mwili. Miguu ilipiga ngoma chini ya meza, kiti kililia, na kila baada ya muda mfupi aliinuka kuchungulia dirishani. Ndiyo maana nyumbani walimwita Cheche.

"Kaa chini, Cheche. Kiti hicho hakina miiba," mama alisema bila kuinua macho.

"Nimekaa, mama."

"Umekaa nusu."

Siku hiyo hata kaka yake alishindwa kutulia. Alikuwa akienda mlangoni na kurudi kama mtu aliyepoteza ufunguo. Nahodha mmoja, mwanamke mkali anayejulikana kwa wavuvi wote wa mji ule, alikuwa amekubali kumchukua kwa safari moja ya majaribio. Akifanya vizuri angepata nafasi ya kudumu kwenye boti. Akivuruga, basi tena. Boti ingeondoka alasiri hiyo, na kila mvuvi alitakiwa kufika na vifaa vyake mwenyewe.

"Mama, shingo zangu zitakuwa tayari?"

"Ukiniuliza tena, hiyo shingo nitakufunga wewe."

Hapo hapo koleo la mama likalia kak! Msumari uliounganisha pande zake mbili ulikuwa umekatika. Mama akaligeuza mkononi, akaguna, akaliweka chini.

"Limechoka, halina kosa. Cheche, nenda duka la vifaa ukachague jingine. Mimi sina budi kupeleka vyambo vya watu ng'ambo ya mji, nimeshaahidi. Sikiliza vizuri. Nataka koleo lenye mdomo wa mviringo, ndani liwe laini, lisiwe na meno. Chukua kipande hiki cha waya. Kipinde palepale dukani, kisha upitishe ukucha juu yake. Ukucha ukikwama, rudisha koleo. Umenielewa?"

"Nimeelewa," alisema Cheche, mguu mmoja tayari uko nje.

"Ukirudi, zimalizie shingo za kaka yako. Na kila moja uipime kwa ndoo kabla ya kumpa."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba yao. Shingo ilining'inizwa kwenye msumari wa mlangoni, ikafungwa ndoo ya maji, na ndoo ikatikiswa kama samaki anayepigana. Isiyokatika ndiyo iliyotoka nje ya mlango.

Dukani kulikuwa na wateja wengi. Cheche alisimama kwa mguu mmoja, akahamia wa pili, akachungulia kwapani mwa mtu. Zamu yake ilipofika, muuzaji alimpangia makoleo juu ya kaunta. Lilikuwepo jembamba jeusi, lenye mdomo wa mviringo na mikono isiyo na urembo wowote. Lilikuwepo la mdomo bapa. Lilikuwepo pia kubwa la mikono myekundu, linalong'aa kama kijiko kipya.

"Hili jekundu linafanya nini?" Cheche aliuliza.

"Hilo ni la mafundi umeme. Linakata, linabana, linapinda."

"Basi nipe hilo."

"Unataka la kazi gani, mwanangu?"

"Vitanzi vya waya."

"Kwa vitanzi chukua hili jeusi. Hilo lina meno ndani."

"Si ndiyo litashika vizuri?"

"Mshika mawili moja humponyoka," muuzaji alisema. "Haya, jaribu kwanza. Naona una waya mkononi."

Lakini mtu wa nyuma alikuwa akikohoa kwa makusudi, na Cheche aliona jua linakimbia. Aliuchomeka waya mfukoni. "Hakuna haja, mjomba. Nitachelewa." Akaondoka na lile jekundu.

Nyumbani alifanya kazi kwa kasi aliyoifurahia mwenyewe. Koleo liliuma waya likaung'ang'ania. Ni kweli, vitanzi havikuwa vya duara, vilikuwa na kona kama visanduku. Ni kweli pia kwamba kila palipoumwa palibaki alama ndogo. Alipopitisha kidole, kilikwaruzwa. "Ni mikwaruzo tu," alijiambia, akaendelea.

"Cheche! Bado?" kaka aliita kutoka mlangoni, mkoba begani.

Ndoo ilikuwa uani, tupu. Kuijaza, kuining'iniza, kuitikisa, kisha kurudia kwa kila shingo? Kaka angefika boti imeshakwenda. Cheche alizifunga shingo kwenye karatasi, akamkabidhi.

"Umenifaa sana, mdogo wangu," kaka alisema. Akatoka mbio.

Mama aliporudi alivua viatu, akanywa maji, akauliza, "Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Umezipima?"

"Nimezipima," alisema Cheche. Neno lilitoka haraka kama vitu vyake vyote.

"Vizuri," alisema mama, akaingia jikoni kukata vitunguu.

Afadhali angemgombeza. Lile "vizuri" lilimkaa Cheche mwilini kama mchanga ndani ya soksi. Alikaa. Akasimama. Akafagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Mezani ilikuwa imebaki shingo moja ambayo kaka hakuihitaji. Mwishowe aliichukua, akaining'iniza mlangoni, akafunga ndoo ya maji. Shingo ilishika. Cheche akapumua. Kisha akaitikisa ndoo, mara moja, mara ya pili.

Tak! Ndoo ikaanguka, maji yakasambaa hadi jikoni.

Mama alitoka na kisu mkononi. Aliokota kipande cha waya, akapitisha ukucha. Waya ulikuwa umekatika palepale koleo lilipouma. Akalitazama koleo jekundu juu ya meza.

"Na zile zingine zilishika?"

Cheche alitazama maji sakafuni. "Sikupima hata moja, mama. Nilikudanganya. Nilijua angechelewa."

Mama hakupiga kelele. Alizima jiko. "Vaa viatu. Mimi napitia dukani kubadilisha hili dude. Wewe kimbia kwenye boti ukamwambie."

"Mama, tafadhali, mwambie wewe. Watu wote watakuwepo pale!"

"Aliyesema 'nimezipima' ni nani? Basi huyo huyo ndiye atakayesema hakuzipima. Kimbia, Cheche. Leo ndiyo siku ya kukimbia."

Alikimbia hadi mbavu zikamchoma. Boti ilikuwa bado imefungwa. Wavuvi walikuwa wakipakia masanduku ya barafu, na kaka yake alikuwa miongoni mwao, uso umejaa furaha.

"Kaka, usizitumie zile shingo!"

Kaka akamvuta pembeni. "Punguza sauti. Kuna nini?"

"Zimeumwa na koleo. Zitakatika. Nilinunua baya, halafu sikuzipima."

"Unaniambia sasa?" kaka alinong'ona kwa hasira. "Unataka nahodha anifukuze kabla sijapanda?"

"Nani anafukuzwa?" Nahodha alikuwa nyuma yao, mikono kiunoni. "Lete nione."

Alichukua shingo moja, akaikunja na kuikunjua kwa vidole. Ikakatika. Akachukua nyingine. Hiyo nayo ikakatika. Wavuvi waliacha kupakia. Mmoja wao akacheka, "Hizo shingo au tambi?"

Nahodha hakucheka. Alimgeukia kaka. "Huyu mtoto hakupima. Na wewe, mwenye kwenda nazo majini, ulipima?"

Kaka akashusha mkoba begani. "Hapana, nahodha. Nilimwachia mdogo wangu."

"Kwa hiyo wavivu ni wawili, ila mmoja amekuja kusema." Alinyoosha kidole kuelekea kwenye barafu. "Sanduku la mwisho likiingia, naondoka. Una shingo, unapanda. Huna, nenda kalale."

Mama alifika akihema, koleo jeusi mkononi na waya begani. Hakusalimia. Aligeuza kreti tupu, akakaa, akaanza kupinda. Koleo jipya liliuzungusha waya taratibu, kitanzi kikatoka duara kamili bila alama. Cheche alikata waya. Miguu yake ilitaka kuruka, lakini aliibana chini ya kreti, kwa sababu kipande kikizidi au kikipungua kilikuwa hasara ya wote watatu. Kaka alifunga kila shingo kwenye nguzo, akaivuta kwa uzito wake wote, kisha Cheche akapitisha ukucha mwanzo hadi mwisho.

Sanduku la mwisho lilipoingia, shingo nzuri zilikuwa chache, zinazotosha kushikwa kwa vidole viwili.

"Hizo tu?" aliuliza nahodha.

"Hizo tu," alijibu kaka. "Lakini kila moja nimeivuta mwenyewe."

"Panda."

Boti ilirudi kesho yake asubuhi. Cheche na mama walisubiri, na Cheche alizunguka nguzo ileile mpaka mama akamshika mkono. Kaka alishuka na samaki mnene mwenye meno kama msumeno, akiwa amemkumbatia kama mtoto mchanga. Kwenye taya la samaki ilining'inia shingo iliyopindapinda vibaya, lakini nzima.

"Alipigana huyu!" kaka alisema. "Ingekuwa zile shingo za kwanza, ningerudi na hadithi tu."

Nahodha alipita na ndoo zake bila kusimama. "Alasiri usichelewe," alimwambia kaka. "Na shingo zipimwe na wewe."

Kaka alimweka samaki chini. Alimnyanyua Cheche, akamchafua magamba nguo nzima.

Walipokuwa wakirudi, mama alisema, "Kuchagua koleo baya ni kosa la kawaida. Hata mimi nimewahi. Ndiyo maana tunajaribu kabla ya kununua, na tunapima kabla ya kutoa. Koleo nimelirudisha dukani, nikapewa jingine. Lakini ukisema 'nimepima' na hukupima, hakuna duka la kubadilisha neno hilo. Mtu analibeba hadi majini, akiamini. Kazi ya haraka unaweza kuirudia, Cheche. Lakini kaka yako akishaondoka na shingo mbovu, huwezi kumrudisha."

Cheche akaitikia, "Nimesikia, mama." Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, alitembea mwendo mmoja na mama yake mpaka nyumbani.