Maji Yanayoelea Tokelau

Kila neno hapa ni la kweli. Naapa kwa miguu yangu yote miwili, hata ule wenye jongo. Ireri wa Siakago alinisimulia kwa kinywa chake, Keinan wa Meru mjini akaitikia kwa kichwa, na mimi sijaongeza hata punje. Anayetaka kucheka acheke, ila asome kwanza.

Saa nne asubuhi, mwaka wa hamsini na tano, katikati ya kimbunga kwenye bahari ya Pasifiki, wimbi refu kuliko mnara wa kanisa liliinua meli ya mizigo likaibwaga kama gunia la mahindi. Chini kwenye tanuri, bomba la mvuke likapasuka. Keinan, aliyekuwa amesimama mbele yake na sepetu ya makaa, alipiga ukelele mmoja akanyamaza. Ireri alimtupa begani mwake, akapanda ngazi tatu za chuma huku maji yakimfuata visigino.

Mashua mbili za kuokolea zilikuwa zimeshaondoka, zimejaa pomoni. Katika ya tatu, ile ndogo, alikuwamo mtu mmoja tu: Bwana Talboti, msaidizi wa nahodha, amekalia pipa la maji.

"Ngojeni nyingine," akasema.

"Nyingine iko wapi, Bwana?" Ireri akamlaza Keinan ndani, naye akaruka. Meli ikazama nyuma yao kwa sauti ya mtu anayemeza.

Utauliza: Mmbeere, mtoto wa wafuga nyuki, alifuata nini Pasifiki? Alifuata mahali pa kusimama bila kuulizwa karatasi. Ile ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni. Kutoka Siakago kwenda Embu kuuza asali ulitaka pasi, na kurudi nyumbani kwako mwenyewe ulitaka nyingine. Siku moja sokoni Ireri alikutwa na pasi iliyokwisha jana yake. Askari alimwaga asali yake yote, vibuyu sita, kisha akamwamuru apige magoti ailambe vumbini. Ireri aliilamba. Alinisimulia hilo miaka mingi baadaye.

Usiku huohuo alikimbilia Meru kwa rafiki yake Keinan, Msomali ambaye baba yake alisafirisha ng'ombe kwa lori. Keinan alikuwa baharia. Alimpa vyeti vya binamu yake marehemu, wakateremka wote Mombasa, na Ireri akapanda meli akiitwa Ahmednoor. Aliyekagua vyeti hakuinua hata macho.

Sasa wako baharini, watu watatu na pipa moja.

"Mimi kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni," Talboti alisema. "Nyinyi nusu kikombe kwa siku, mgawane."

"Mwenzangu ameungua, Bwana. Aliyeungua hunywa zaidi."

"Mimi ndiye ofisa." Akaweka pajani bastola ya fataki za kuitia msaada.

Ngozi ya Keinan, kuanzia kiwiko hadi bega, ilikuwa imeinuka na kuachana na nyama. Ireri alichana shati lake akamfunga. Nusu kikombe alimpa yote, yeye akilamba umande kwenye mbao za mashua alfajiri. Siku ya tisa papa mrefu kama lori alikuja akisugua ubavu wa mashua, na Ireri akampiga kiatu cha pua mpaka akaenda zake akipiga chafya. Siku ya ishirini Keinan alianza kuongea na ng'ombe.

"Warya, wewe kijana, wafungulie maji," alinong'ona. "Wana kiu."

"Nimewafungulia. Nyamaza."

"Unadanganya, Mmbeere wewe. Siwasikii wakinywa."

Siku ya ishirini na tisa mkondo uliwatupa juu ya matumbawe. Kilikuwa kisiwa chembamba kama mshipi, mojawapo ya vile vinavyozunguka maji ya chumvi katika visiwa vya Tokelau. Hakikuwa na mlima, mto wala jiwe la kukalia. Kimbunga kilichowazamisha kilikuwa kimepita hapo pia na kuikata minazi vichwa. Nazi zilizoanguka zilikuwa zimetobolewa zote na kaa wakubwa kama mbwa wa polisi, wenye gando la kuvunja nazi kama wewe unavyovunja njugu.

Talboti alibeba pipa, ambalo sasa lilikuwa na maji ya kufunika kitako tu, akaenda kulikalia upande wa pili. Keinan alikuwa hajakojoa siku mbili. Midomo yake ilikuwa nyeusi.

Ireri alipiga magoti, akaanza kuchimba kwa ubao wa mashua. Kazi hiyo aliijua. Kwao Mbeere, mito ikikauka, watu huchimba mchanga wa mtoni. Maji ya kwanza ni machafu, huyatupa. Huchimba tena, na ya chini ndiyo matamu. Basi alipofika kimo cha goti, unyevu ukatokea. Aliuonja kwa ulimi: ulikuwa na ladha ya majani yaliyooza. Akayachota yale maji, akayamwaga, akachimba. Kiunoni maji yalipanda kwa nguvu, safi, yanang'aa. Akajaza kiatu, akakimbia kwa Keinan, akamwinua kichwa.

Keinan alitapika. Maji yalikuwa chumvi tupu.

Ireri akarudi akachimba zaidi, mpaka kifuani, akilia kwa hasira. Kadiri alivyoshuka ndivyo chumvi ilivyozidi. Talboti alikuja ukingoni, akatazama chini.

"Unajichimbia kaburi?"

"Nipe maji ya huyu mtu, Bwana."

"Huyo kesho hayupo. Kwa nini niyapoteze?"

Ireri akarudisha macho mchangani. Angemjibu, angemuua. Alikaa ndani ya lile shimo, akakumbuka ile ladha ya majani. Ilikuwa mbaya, ndiyo. Lakini haikuwa na chumvi! Yale aliyoyamwaga ndiyo yaliyokuwa maji.

Alitoka, akatembea mpaka katikati ya kisiwa, mbali na bahari pande zote mbili, akaanza upya. Safari hii alikwangua kwa viganja, taratibu. Kwenye kimo cha goti mchanga ukalowa, na mikono yake yote ikataka kuendelea, kwa maana tangu utotoni ilifunzwa kuendelea. Aliikalia. Namaanisha aliikalia kweli, mikono chini ya makalio, huku maji yakijikusanya polepole kama jasho, na mtu wake akikoroma kule pwani. Kiganja kimoja kilipopatikana, akaonja. Majani yaliyooza. Hajawahi kuonja kitu kitamu zaidi.

Alimnywesha Keinan tone kwa tone kutoka kwenye kitambaa, mchana kutwa. Jua lilipoinama, Keinan alifumbua jicho moja.

"Haya maji yananuka."

"Rudisha basi."

"Lete mengine."

Kesho yake ngalawa tano zilivuka kutoka kijiji cha ng'ambo kuja kutazama minazi yao. Wa kwanza kushuka alikuwa mama mmoja wa makamo, Lepeka, aliyewahi kufanya kazi katika hospitali ya mji wa Apia akajua Kiingereza. Alitazama shimo kubwa, akashika kiuno.

"Nani mwenda wazimu aliyechimba hili?"

"Mimi, mama."

"Huku maji ya mvua yanaelea juu ya bahari, membamba kama utando wa maziwa. Ukichimba sana unayatoboa." Kisha akaona shimo dogo. "Na hili?"

"Hilo pia mimi."

Alichovya kidole, akaonja. "Haya, huna wazimu wote." Akaenda kwa Keinan, akapiga magoti, akaanza kumfungua kidonda.

Kijijini, walikovushwa wote watatu, wanaume walirudi kuvua na samaki aina ya jodari wakawapanga chini mbele ya watu wote. Mgawaji akaita nyumba moja moja, na kila nyumba ikapata kwa idadi ya vichwa vyake: wajane, wagonjwa, mtoto wa juzi. Mgawo huo wanauita inati. Mwishoni yakaitwa mafungu matatu sawasawa ya wageni. Hakuna aliyekuwa ameuliza pasi.

Talboti alisukuma lake kwa kiatu. "Mimi ni ofisa. Hawa ni watia makaa."

Lepeka akatafsiri. Kijiji kizima kikacheka, kisha kikaacha kucheka.

"Samaki hawajui ofisa," Lepeka alisema. "Na sisi tunawajua watu wa meli. Bibi yangu alikuwa mtoto meli za kutoka Peru zilipokuja. Walichukua karibu nusu ya watu wetu kuwafanya watumwa, na waliorudi hawazidi vidole vya mikono. Tulibaki wachache, tukagawana. Ukitaka zaidi ya mwenzako, mashua yako ile pale."

Talboti akaokota fungu lake, akalipangusa mchanga.

Baada ya miezi miwili ikaja meli ya mahitaji. Nahodha wake alisikiliza kisa, akamfunga Talboti chumbani, akawaomba radhi Ireri na Keinan, akawalaza daraja la kwanza mpaka Mombasa, ambako bendi iliwapokea.

Hapo ndipo nilipoishia, nikampelekea Hinda, binti ya marehemu Keinan, anisomee makosa. Ana duka Meru mjini. Alisoma amesimama, kalamu sikioni.

"Mzee Murithi, bendi gani hii?"

"Ya shaba."

"Baba alisema walikaa baharini siku kumi na moja. Hizi kumi na nane nyingine umezitoa wapi?"

"Nimetia chumvi kidogo."

"Papa kupiga chafya nakusamehe. Bendi sikusamehei." Akaweka karatasi mezani. "Talboti aliandika ripoti kwamba wao ndio walioiba maji, na kampuni ya meli ikaamini. Baba hakupanda meli tena. Ireri aliposhuka Mombasa askari waliuliza pasi, wakachukua alama za vidole, wakakuta si Ahmednoor. Alikaa kizuizini kambini miaka miwili, akichimba mitaro kwa viboko. Wewe unajua. Ulikuwa unampelekea sabuni."

Nilijua. Niliona nimpe mtu yule bendi, hata ya karatasi.

"Andika ilivyokuwa," Hinda akasema. "Na umeapa uongo, kwa hiyo utalipa mbuzi. Usiniletee mzee kama wewe."

Nimelipa. Alichinjwa leo mchana uani kwake, beberu wa kahawia, na majirani wakaitwa. Kabla sijatia nyama mdomoni, Hinda alinipa karatasi hii, akaniambia nisome mwisho mpya mbele ya wote. Nikasoma. Nilipofika pale pa kambi, hakuna aliyetafuna.

"Soma tena hapo," Hinda akasema.

Nikasoma tena. Nyama ikapoa.