Nilimtupia Mzee Ambakisye Kosa Langu

Nina miaka thelathini na moja, mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Bagamoyo ya hapa Tukuyu. Ni karani wa masjala. Natunza majalada ya watumishi. Ninayoandika hapa hata mume wangu hayajui yote...

Miaka miwili iliyopita rafiki yangu Subilaga, mwalimu kule Nkunga, alinililia nimwonyeshe jalada lake. Aliomba uhamisho, hakujibiwa. Nikalitoa ofisini kinyume cha utaratibu. Njiani mvua yetu hii isiyobisha hodi ikanikuta! Nikakata jani la mgomba, nikalifunika jalada. Nilidhani nimeliokoa... Kumbe utomvu ulishalichafua, na doa la mgomba nani asiyelijua? Mkuu wangu akanipa onyo la maandishi. "Mwanangu, usirudie," akasema, yakaisha.

Mwaka huu ikatokea nafasi masjala ya siri. Jamani, niliitaka nafasi ile! Lakini huko huingii bila kufanyiwa upekuzi, uchunguzwe mwenendo wako kwanza. Fomu ikauliza: umewahi kupewa onyo kazini?

Nikaandika, "Hapana."

Kwa nini? Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Niliona haya tu kulitaja.

Wiki chache baadaye akaja mpekuzi, dada mpole wa sauti ya chini. Akaliweka jalada lile mbele yangu, na doa lake jeusi. Akauliza doa lile limetoka wapi. Hapo bado ningeweza kujiokoa... Nikasema ni Mzee Ambakisye, mhudumu wetu anayebeba majalada. Mzee wa watu, amebakiza miezi michache astaafu!

Akaitwa kujieleza. Alipotoka alikuja mezani kwangu akicheka, akidhani ni utani.

"Ati mwe, mimi na jani la mgomba ofisini, nilikuwa nalisha mbuzi? Mwanangu, waambie basi."

Niliinamia karatasi zangu kama kiziwi. Kicheko chake kikakatika.

Siku ya tatu mpekuzi akaniita.

"Dada, nakala ya onyo lako ninayo tangu mwanzo. Ungeandika ndiyo, ningekuuliza umejifunza nini, tukaendelea. Sasa nimejifunza mimi: ukibanwa, unamtupia mwenzako. Nikukabidhi siri za watu?"

Nikaandikiwa kwamba sifai.

Nafasi ikaenda kwa mwingine. Wala si hiyo iliyonikondesha! Jumamosi nilimfuata Mzee kwake Msasani, ya hapa hapa Tukuyu, nikapiga magoti. Akaninyanyua, akanikaribisha chai. Nikamuuliza kama amenisamehe.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila siku zile tatu, mama huyu aliniuliza kila asubuhi kama ni kweli."

Mkewe aliendelea kumenya ndizi. Hakuinua uso...

Zamani Mzee alikuwa ananiwekea majalada mezani, anaenda zake. Sasa anasimama na daftari, anasubiri nisaini, kisha anaikagua sahihi yangu. "Ndaga, mwanangu," ananishukuru, kwa heshima ile ile. Nimlaumu?

Ndugu zangu mnaosoma, mkiulizwa kosa lenu, litajeni hivyo hivyo lilivyo, na aibu yake yote. Msipite nilikopita mimi. Onyo lile lilikuwa langu peke yangu. Uongo wangu ndio ulioingia nyumbani kwa mtu, ukakaa kati yake na mkewe.