Samaki Kumi na Wawili Waliobaki

Samaki walikuwa wameibwa, na mwizi alikuwa amefunga mlango alipoondoka.

Inspekta Lhaden alichuchumaa kwenye lango la uzio, akaigeuza kufuli yake. Haikuwa na hata mkwaruzo.

"Walikuwa wangapi, mzee Tandin?"

"Mia na ishirini, afande. Waliletwa jana mchana. Nikawafunika wavu, maana siku ya kwanza huwa tunawaacha wazoee maji. Asubuhi namaliza sala, nakuja, nakuta hivi." Mlinzi alikohoa mpaka akashika nguzo. "Wamebaki kumi na wawili. Nimewahesabu mara tatu."

Maji ya kidimbwi yalifika magotini tu. Kilichimbwa ili kuwalisha korongo tumbo-jeupe, baada ya bwawa la umeme kujaa na kumeza kingo zote za mto ambako walizoea kusimama wakivua. Ng'ambo, juu ya msonobari, kulikuwa na kiota kimoja na kifaranga kimoja.

"Samaki wengine wanakuja lini?"

"Wiki ijayo."

"Kifaranga atafika wiki ijayo?"

Mzee akatikisa kichwa. "Wazazi wakikosa chakula siku mbili tatu, wanahama. Wanamwacha."

Konstebo Phuba aliita kutoka langoni. "Damu, afande! Nichukue sampuli?"

Lhaden akainama juu ya matone mekundu, akanusa. "Chukua. Maabara watakucheka mpaka mwakani. Hayo ni mate ya mtafuna tambuu. Mzee, unatafuna?"

"Daktari alinikataza, kwa sababu ya kifua."

Tambuu sawa. Ila kilichomkera Lhaden ni wale kumi na wawili. Mwizi ana ufunguo, ana nafasi, kwa nini awaache? Aliwaza huku vidole vikichezea tasbihi mfukoni, kama kawaida yake.

Vidole vikasimama. Mia na ishirini, toa kumi na mbili. Hizo ni shanga za tasbihi ya Kibudha. Mia na nane kamili, hesabu ya mtu wa sala, anayetafuna tambuu, aliye karibu na ufunguo wa mzee.

"Mzee," akasema polepole, "mkeo yuko wapi?"

Mama Kesang alikuwa jikoni akikata pilipili za kupika na jibini. Midomo yake ilikuwa myekundu. Nyuma ya mlango, ndoo mbili zilikuwa bado zinachuruzika.

"Karibu mwanangu. Utakula?"

"Baadaye, mama. Samaki umewapeleka wapi?"

"Samaki gani? Mimi sili hata dagaa."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Kisu kikatulia.

"Ufunguo ulichukua saa ngapi?"

"Alipokuwa kwenye sala."

"Kwa nini?"

"Kwa nini?" Mama Kesang akageuka, macho yamejaa machozi. "Kila wiki huyu mzee anapeleka viumbe hai wakaliwe! Halafu anakohoa, dawa hazifui dafu. Mnajimu kaniambia niokoe roho mia na nane, atapona. Nimeziokoa. Nimehesabu mmoja mmoja, sikuzidisha hata mmoja. Huo ni wizi?"

"Ni wizi, mama."

"Kesang!" Mzee alikuwa mlangoni. "Umeniibia mimi?"

"Nimekuibia kwa ajili yako, mjinga wewe!"

"Wako wapi?" Lhaden akauliza.

"Nifunge tu. Nikisema, mtawarudisha wafe."

Lhaden hakubishana. Akamshika mkono, akamtoa nje, akamwinamisha kwenye darubini ya mumewe, iliyoelekezwa kiotani.

"Unaona nini?"

"Mdomo. Umeachama."

"Alikula lini, mzee?"

"Juzi."

Mama Kesang akameza mate yake mekundu. "Kwenye kijito, nyuma ya mnara wa sala. Maji ya pale ni kidogo. Nilitaka waote jua."

Lhaden akageuza darubini, akachungulia, akacheka kidogo. Kisha akampisha mama Kesang. Korongo mkubwa alikuwa ameshasimama katikati ya kijito, shingo kaipinda.

"Nikalete wavu, afande?" Phuba akauliza. "Tuwarudishe?"

"Waache. Leo hakuna anayempeleka yeyote popote."

Shingo ikachomoka.

"Mia na saba," mama Kesang akanong'ona.

Alitaka kuondoa jicho, hakuondoa. Alimfuata yule ndege akivuka bonde mpaka kiotani, mpaka mdomo mkubwa ukaingia ndani ya mdomo mdogo.

"Na huyu mdogo," akauliza, bado ameinama, "anahesabiwa?"

"Ana roho, mama?"

"Anayo, si unamwona anavyomeza?" Akajifuta shavu kwa kiganja. "Basi bado ni mia na nane. Andika hivyo kwenye maelezo yako."